Mwanafunzi Ugenini na Sheria ya Mwenye Nyumba



Tarehe 6 Julai 2020, wakati dunia ilipokuwa imejifungia milango kwa kuuhofia ugonjwa wa korona, idara ya Marekani inayosimamia utekelezaji wa sheria za uhamiaji ilitoa tangazo ambalo liliwanyima usingizi watu wengi sana. Tangazo lile lilisema kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye chuo chake kingefundisha masomo yote kwa njia ya kompyuta katika muhula uliokuwa ukikaribia, hangeruhusiwa kubaki nchini humo. Ahamie chuo kinachofundisha darasani, ama afungashe virago arejee kwao. Asipofanya hivyo, angeweza kuchukuliwa hatua za kumwondoa kwa nguvu.

Wanafunzi wa kigeni waliosajiliwa katika vyuo vya Marekani wakati ule walizidi milioni 1. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Uganda na wa nchi jirani za Kenya, Tanzania na Rwanda. Hebu tuitazame hali ya kijana wa Uganda siku ile. Kule alikokuwa aliambiwa atoke; na huku kwao, uwanja wa ndege wa Entebbe ulikuwa umefungwa kwa abiria wa kawaida tangu mwezi Machi, ukipokea ndege za mizigo na zile chache za shughuli maalumu. Uwanja huo haukufunguliwa kwa safari za kawaida hadi tarehe 1 Oktoba. Mwenye nyumba anamwambia mgeni aondoke, na nyumbani kwa mgeni mlango umetiwa komeo. Je, aende wapi?

Katika mazungumzo ya leo tunapenda kulichambua jambo hili, ingawa miaka kadhaa imepita na ugonjwa umetulia. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu ni wazazi na walezi wa vijana ambao kesho huenda wakapata nafasi ya kusoma ng'ambo. Pili, baadhi yenu ndio mnaosimama mipakani na vizuizini, mkiwa mmeshika mkononi hati ya mtu mwingine, na neno lenu ndilo linaloamua kama mtu huyo atapita au hatapita.

Kwanza hapana budi tuelewe tofauti ya mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Viza si haki ya kukaa. Viza ni ile karatasi iliyobandikwa ndani ya pasipoti ambayo humruhusu msafiri kufika mlangoni na kuomba kuingia. Akishaingia, kinachomlinda ni hadhi yake ya kisheria, yaani kule kutambuliwa kwake kuwa ni mwanafunzi wa kweli anayefanya kile alichojia. Askari ataelewa jambo hili upesi kuliko raia. Pasi ya langoni humwingiza mtu kambini; lakini anayekaa kambini kihalali ni yule ambaye jina lake limo katika orodha, anayeitikia anapoitwa, na anayeonekana kazini. Asipoonekana, pasi ya langoni haimsaidii kitu; yeye ni mtoro.

Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi mwenye viza ya Marekani iitwayo F-1. Viza yake inaweza kwisha muda naye akiwa bado katikati ya masomo, wala hilo peke yake halimfanyi kuwa mkosaji maadamu yumo ndani ya nchi na anatimiza masharti. Kwa upande mwingine, viza yaweza kuwa bado hai na mwanafunzi akawa amekwisha kuipoteza hadhi yake. Sheria ilimtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza achukue masomo ya kutosha kila muhula, yaani vipimo 12 kwa kawaida. Ilimtaka atoe habari ya anwani mpya kila anapohama, katika muda wa siku 10. Ilimkataza kufanya kazi bila idhini, na kazi ya ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Na juu ya hayo, ilisema kwamba katika vipimo hivyo vya muhula, somo moja tu, au vipimo 3, ndivyo vingeweza kuhesabiwa kama vilisomwa kwa njia ya kompyuta bila kufika darasani.

Masharti hayo hayakutungwa kwa chuki tupu. Mmoja wa watu walioteka ndege na kuua maelfu ya watu tarehe 11 Septemba 2001 aliingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, akaandikishwa katika shule ya lugha, wala hakuonekana darasani hata siku moja. Tena mnamo mwezi Machi 2002, miezi sita baada ya shambulio lile, shule moja ya urubani huko Florida ilipokea barua za serikali zikithibitisha kwamba wawili kati ya watekaji hao wamekubaliwa kuwa wanafunzi. Watu hao walikuwa wamekwisha kufa, na dunia nzima iliyajua majina yao. Serikali ya Marekani iliona aibu kubwa. Kuanzia mwaka 2003, vyuo vyote vililazimishwa kuziandika habari za kila mwanafunzi wa kigeni katika daftari kuu la kompyuta liitwalo SEVIS. Mlinzi yeyote wa usalama atakiri kwamba nchi ina haki ya kumjua mgeni aliyemo ndani ya mipaka yake.

Lakini sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya nyakati za kawaida, na mwaka 2020 haukuwa wa kawaida. Mwezi Machi, vyuo vilipofunga madarasa ili kuokoa maisha ya watu, mamilioni ya vijana waliambiwa wasome vyumbani mwao kwa kutazama kompyuta. Kwa sheria ya zamani, wanafunzi wote wa kigeni wangekuwa wakosaji kwa usiku mmoja tu, kwa kulitii agizo la chuo chao. Kwa hiyo tarehe 13 Machi 2020, serikali ya Marekani ililegeza kamba. Ilisema masomo ya kompyuta yatahesabiwa, mwanafunzi awe ndani ya Marekani au awe amerudi kwao, na kwamba ruhusa hiyo ingedumu muda wote wa dharura. Hata ile kanuni inayomwondolea mwanafunzi hadhi yake akikaa nje ya nchi zaidi ya miezi 5 iliwekwa kando kwa wale walioendelea na masomo.

Hilo lilikuwa jambo la busara. Vyuo viliiamini ahadi ile, vikapanga mwaka mzima juu yake. Wanafunzi nao waliiamini. Wengine walilipa kodi za vyumba, wengine walikata tiketi. Mara tarehe 6 Julai agizo likageuzwa, na dharura yenyewe bado haijaisha, na majuma machache tu yamebaki kabla ya muhula kuanza.

Ndugu wasikilizaji, kamanda anayeviambia vikosi vyake vishike mahali fulani, kisha akageuza amri usiku wa manane bila kutoa sababu wala njia ya kurudi nyuma, hawezi kumlaumu askari wake kwa kupotea. Vivyo hivyo katika utawala. Amri ni nguzo ya nidhamu, lakini amri inayogeuka ghafla huibomoa nidhamu ile ile iliyokusudiwa kuijenga.

Vyuo vikuu viwili, Harvard na MIT, havikungoja. Tarehe 8 Julai vilifungua mashtaka katika mahakama ya serikali kuu mjini Boston. Majimbo 17 na mji mkuu wa Washington yakafungua shauri lao siku chache baadaye. Hoja kuu ya vyuo ilikuwa nyepesi kueleweka: serikali ilitoa ahadi, watu wakaitegemea, kisha ikaivunja bila kupima madhara yake na bila kueleza sababu za maana. Tarehe 14 Julai jaji alipoketi kusikiliza shauri, kikao kilichukua dakika chache tu. Serikali ilikuwa imekubali kulifuta agizo lake na kuirudisha hali ya mwezi Machi. Siku nane tu zilikuwa zimepita tangu tangazo kutolewa. Ulegezaji ule uliendelea hadi tarehe 11 Mei 2023, dharura ya korona ilipotangazwa kwisha nchini Marekani.

Hata hivyo ushindi ule haukumfikia kila mtu. Tarehe 24 Julai ilielezwa kwamba mwanafunzi mpya, ambaye hakuwa ameandikishwa kufikia tarehe 9 Machi, hangeweza kuingia Marekani iwapo masomo yake yote yangekuwa ya kompyuta. Kijana aliyeupata udahili mwaka ule, pengine baada ya ukoo mzima kuuza ng'ombe na kukopa, alibaki nyumbani akisubiri.

Wala Marekani haikuwa peke yake. China, ambayo kwa hesabu za wizara yake ya elimu ilikuwa na wanafunzi wa Afrika 81,562 mwaka 2018, iliufunga mji wa Wuhan tarehe 23 Januari 2020, na wanafunzi wa Uganda, Kenya na Tanzania walikuwa ndani ya mji huo. Kisha tarehe 28 Machi China ikawazuia kuingia hata wageni wenye viza na vibali vya kukaa vilivyo hai. Wanafunzi waliokuwa wamekwenda makwao kwa likizo walikaa zaidi ya miaka miwili nje ya vyuo vyao. Mlango haukufunguliwa kwa wanafunzi wenye vibali vya masomo hadi tarehe 24 Agosti 2022. Mtu anaweza kujifunza historia kwa kompyuta. Lakini yule anayesomea udaktari atajifunzaje kumpasua mgonjwa kupitia kioo cha kompyuta, usiku wa manane, umeme ukikatika?

Australia iliwafungia wanafunzi milango kuanzia Machi 2020 hadi Desemba 2021, na waziri mkuu wake aliwaambia wale waliokuwa ndani bila uwezo wa kujikimu kwamba wakati wa kurudi kwao umefika. Uingereza kwa upande wake ilichukua njia ya huruma zaidi: wageni ambao ruhusa zao za kukaa zilikwisha kuanzia tarehe 24 Januari 2020, nao hawakuweza kusafiri, waliongezewa muda hadi tarehe 31 Julai. Janga lilikuwa moja, lakini kila mwenye nyumba alimtendea mgeni wake kwa namna yake.

Tunajifunza nini basi? Kwa kijana na mzazi wake, fundisho la kwanza ni kwamba mgeni hulindwa na karatasi zake. Pasipoti isiachwe ikafa. Barua za chuo, stakabadhi za ada na kila tangazo lililotolewa na serikali ya nchi ile vihifadhiwe, maana ahadi iliyo katika maandishi ndiyo iliyowashindia wanafunzi mahakamani. Mwanafunzi asipunguze masomo wala asikubali kazi ya pembeni kabla ya kumwuliza ofisa wa chuo anayeshughulikia wageni. Wakati wa korona mikahawa na maktaba za vyuo zilifungwa, na vibarua halali vikafungwa navyo. Njaa ilimshawishi mtu kutafuta kazi mjini bila idhini. Tunamwelewa, lakini sheria haikumwelewa. Ni heri kuomba msaada kwa chuo, kwa ubalozi na kwa ndugu, kuliko kuharibu hadhi ambayo kuirudisha ni kazi ngumu. Na ajiandikishe katika ubalozi wa nchi yake, kwani serikali haiwezi kumsaidia raia isiyejua yuko wapi.

Fundisho la pili linawahusu ninyi mnaosimama Malaba, Busia, Mutukula na Katuna. Sisi pia ni wenye nyumba. Vyuo vyetu vina wanafunzi kutoka Kenya, Sudan Kusini, Rwanda, Tanzania na Kongo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imewaondolea raia wa nchi wanachama haja ya viza. Lakini mwanafunzi bado anahitaji kibali cha masomo, na kibali kina tarehe ya mwisho. Machi 2020 shule na vyuo vyetu vilifungwa, na mipaka ikafungwa kwa abiria huku malori ya mizigo yakipita. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawakurejea madarasani hadi tarehe 15 Oktoba. Tarehe katika kibali haikungoja ugonjwa uishe. Kijana wa jirani aliyesimama mbele ya meza na kibali kilichokwisha muda hakuwa mhalifu. Alikuwa mtu aliyekwamishwa na amri zetu wenyewe.

Askari mwema hapuuzi sheria, wala haachi kuuliza hati. Lakini huuliza pia ni nini kilichotokea kabla ya tarehe ile kupita, humsikiliza mtu, na pale ambapo uamuzi umemzidi cheo, humpeleka kwa mkubwa wake badala ya kumfokea au kumdai chochote. Mkunjo mmoja wa karatasi mkononi mwa mlinzi waweza kuwa miaka minne ya jasho la mama mjane.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Janga la korona limepita, lakini majanga hayajaisha duniani. Litakapokuja jingine, vijana wetu watakuwa tena katika nyumba za watu, na vijana wa watu watakuwa katika nyumba yetu. Haki tuliyoililia Boston ndiyo tutakayotakiwa kuitenda Mutukula.