Shahada ya Kompyuta Isiwe Mzigo wa Mtu Mmoja

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa idara ya njia mbele ya mkutano wa tawi)



Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya gengi: mataruma, boliti na nyundo. Pengine mtu atauliza, "Huyu anajua nini juu ya shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari?" Jibu langu ni kwamba jambo hili limeletwa mbele yetu sote, na kura ni yetu sote, aliyesoma sana na aliyesoma kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Dada yetu mmoja wa ofisi ya tikiti alisoma jioni kwa miaka mingi mpaka akapata shahada ya kwanza ya kompyuta. Sasa amekubaliwa katika chuo kikuu asome shahada ya uzamili. Ameomba tawi limsaidie apate siku za mtihani bila kukatwa mshahara, na zamu zisizogongana na masomo yake. Wengine wetu wamesema, "Anajitafutia ukubwa, akimaliza atatukimbia." Nataka kuyajibu maneno hayo bila kumkasirikia mtu.

Kwanza, tukumbuke ya kuwa kompyuta imekwisha kuingia relini, tupende tusipende. Wazee wetu wa kibanda cha ishara walikuwa wakivuta mikono ya chuma. Mikono ile ilifungana kwa vyuma, hata ukiisha kuifungulia njia treni moja, huwezi kufungua njia nyingine ya kuigonga. Katika reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kazi hiyo ya kufungana hufanywa na kompyuta. Lakini kanuni ni ile ile ya wazee: chombo kikiharibika, ishara lazima iwe nyekundu.

Basi nauliza, ni nani atakayetazama kama programu imetengenezwa sawasawa? Anayejua kompyuta peke yake hajui mambo ya stesheni. Anayejua stesheni peke yake hawezi kuisoma programu. Mtu aliyekaa kwenye dirisha la tikiti anajua jinsi ilivyo abiria akilipa kwa simu, fedha ikatoka, na mashine ikasema hajalipa, na watu mia wako nyuma yake. Mtu huyo akipata elimu ya juu ya kompyuta, atauliza maswali ambayo mgeni wa kazi hii hawezi kuyawaza. Na siku mwajiri atakapotuambia, "Mashine imesema watu kumi hawahitajiki," sisi nasi tutakuwa na mtu wa kuichungua hesabu ya mashine hiyo.

Pili, tujue masomo haya ni kitu gani. Kwa sheria ya mwaka 2014, elimu na mafunzo ya Kenya yamepangwa katika madaraja 10. Diploma ni daraja la 6, shahada ya kwanza ni la 7, na uzamili ni la 9. Ni kama njia ya reli: stesheni zina mpango wake, na mtu hafiki ya mbele kwa kutamani tu. Kwa kawaida uzamili huchukua miaka 2. Kwanza mwanafunzi husoma darasani namna ya kupanga na kutunza habari nyingi, namna ya kuunganisha mitambo, namna ya kuilinda isiibiwe, na namna ya kuongoza kazi kubwa. Halafu huchagua tatizo moja la kweli, akalichunguza na kuliandikia tasnifu, akiongozwa na msimamizi. Hapo kwenye tasnifu ndipo wengi hukwama, maana hakuna kengele ya kukuita darasani, na mtu wa zamu ya usiku hurudi nyumbani amechoka.

Kwa hiyo nampa dada yetu, na kila atakayemfuata, shauri la ndugu. Hakikisha masomo hayo yamekubaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza karo yote mpaka siku ya mwisho, si ya muhula wa kwanza tu. Uliza ni nani atakayekusimamia. Na mambo ya mkopo, yapime kwanza. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1995, huwakopesha hata wanafunzi wa uzamili, lakini deni hilo hurudishwa kwa kukatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja inayobaki ni ya unga, kodi ya nyumba na watoto. Mtu asije akapata shahada akakosa chakula.

Tatu, ndugu zangu, na hapa ndipo penye neno langu kubwa. Kwa nini mzigo huu wote uwe juu ya kichwa cha mtu mmoja, na faida iende kwa mwajiri? Huko Marekani, chuo cha Georgia Tech kilianza mwezi wa Januari 2014 kufundisha uzamili wa sayansi ya kompyuta kwa njia ya intaneti, kwa karo ya karibu dola 7,000 mpaka kumaliza. Kampuni ya simu ya AT&T ilitoa dola milioni 2 kusaidia kuanzisha mafunzo hayo. Haikuzitoa kwa huruma. Ilihitaji watu wenye ujuzi.

Na hapa kwetu, kwa Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa ajili ya kila mfanyakazi, zikaenda katika mfuko wa mafunzo. Sisemi fedha hiyo italipa karo ya uzamili. Nasema sheria imekwisha kukubali ya kwamba kumfundisha mfanyakazi ni gharama ya kazi, sawa na mafuta ya injini. Basi na sisi tulishike neno hilo.

Naomba tawi lipeleke mambo matatu yaingizwe katika mapatano ya pamoja. La kwanza, siku za mtihani ziwe za malipo, na zamu ya mwanafunzi ipangwe mapema. La pili, mwajiri arudishe nusu ya karo kwa kila mwaka ambao mwanafunzi amefaulu, na kama atataka mtu huyo abaki kazini, muda huo uandikwe wazi, usiwe kifungo. La tatu, anayemaliza apimwe kwa cheo kinachofaa elimu yake. Na mambo haya yawe ya wote, tangu cheti cha fundi mpaka uzamili. Mapatano yakiisha kusajiliwa mahakamani yanawafunga pande zote mbili. Ahadi ya mdomo hupotea meneja akihamishwa.

Kwa upande wake, anayesaidiwa na chama awe na deni kwa chama. Jumamosi mbili kila mwezi aje hapa ukumbini, awafundishe wenzake kuitumia kompyuta, na awasomee karatasi za mitambo mipya inapoletwa. Dada yetu nimemwuliza, naye amekubali.

Mimi sitafika daraja la 9. Lakini nina binti yuko darasa la 6, na nataka akute mlango umekwisha kufunguliwa, na sheria yake imeandikwa. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bwana Mwenyekiti, naomba kura ipigwe leo, kabla zamu ya usiku haijaondoka.