641: Kigawo Kilichomponyoka Fermat



Katika kikao kimoja cha mitaala, mwenzetu alisema kuwa kutafuta vigawo vya namba kubwa kwa mkono ni kuwapotezea wanafunzi muda. Akatoa mfano: Fermat alikosea kuhusu 4,294,967,297 kwa sababu hakuwa na kompyuta. Siku ile nilinyamaza. Leo najibu.

Habari yenyewe mnaijua. Chukua 2, ipandishe kwenye kipeo ambacho nacho ni kipeo cha 2, ongeza 1: utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Mwaka 1640 Fermat aliandika kuwa anaamini zinazofuata nazo ni tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho. Inayofuata ndiyo hiyo 4,294,967,297.

Ati alikosa mashine! Mwaka huohuo Fermat alichukua 2 kwa kipeo cha 37, akatoa 1, na namba hiyo ya tarakimu 12 akaipatia kigawo: 223. Hakupapasa gizani. Alijua kwamba kila kigawo tasa cha namba ile, ukikigawa kwa 74, lazima kibakize 1. Ya kwanza ni 149, ikakataa. Ya pili 223, ikakubali. Hoja ya ukoo uleule inaonyesha kwamba vigawo tasa vya 4,294,967,297, ukivigawa kwa 64, hubakiza 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano! Aliyeiweza namba ya tarakimu 12 angeshindwaje na ya tarakimu 10? Chombo kilikuwa mkononi mwake. Naamini aliipenda mno dhana yake, akaacha kuibana.

Aliyeiamsha hoja hii ni Goldbach, na barua yake ya Desemba 1729 sichoki kuirudia. Barua imeshakwisha, ndipo mwishoni, kama nyongeza tu, anamuuliza Euler iwapo anaifahamu kauli ya Fermat. Kijana wa miaka 22 anaulizwa swali la pembeni! Kufikia 1732 Euler alikuwa amekipata kigawo 641, na nadharia ya namba ikawa kazi yake hadi uzeeni.

Mimi mgao huu niliufanya kwanza nikiwa kidato cha tatu, kwa penseli, nyuma ya daftari la jiografia. 641 katika 4294 inaingia mara 6, inabaki 448. Nikashusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Zikafuata sifuri mbili, halafu 4, halafu 1, na baki ikawa tena 448. Nilishtuka: ileile ya mwanzo! Safari hii tarakimu ya kushusha ilikuwa 7, ya mwisho. 4487 ni 641 mara 7 kamili. Haikubaki kitu. Jibu: 6,700,417.

Kompyuta huandika vigawo hivyo viwili kufumba na kufumbua, na 448 hizo mbili haikuonyeshi. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wataendelea kuufanya mgao huu kwa mkono, darasani, kikokotoo kikiwa ndani ya mkoba.