Tafuteni Wenzenu Kabla ya Mtaji

 

Wahitimu, hongereni sana. Naomba niwageukie kwanza wazazi. Mzazi aliyekubali mwanawe asomee uchoraji, muziki, ngoma au maigizo anastahili makofi yake peke yake, kwa sababu najua aliyoyasikia njiani. Majirani walimwuliza: "Sasa huyo atakula nini?" Sioni ubaya katika swali hilo. Wanaouliza ni watu waliohangaika, wanaojua bei ya unga na kodi ya chumba. Linahitaji jibu la kweli, na nimekuja hapa kujaribu kulijibu.

Wanangu, mtaambiwa sana mfuate ndoto zenu. Nakubaliana na kila anayewaambia hivyo. Ila katika miaka yangu ya kuigiza na kuongoza maigizo nimeona vipaji vingi vikizimika, na vichache mno vilizimika kwa sababu mwenyewe hakuwa hodari. Vingi vilizimika kwa upweke. Kijana anamaliza chuo, anapanga chumba, anaandika tamthilia yake usiku. Mwezi wa tatu mwenye nyumba anabisha hodi. Hakuna hata mtu mmoja wa kumwuliza, "Ile tamthilia imefika onyesho la ngapi?" Basi anaikunja na kuiweka chini ya godoro, na mwaka unapita. Kwa hiyo nawaambia jambo moja tu: kabla ya kutafuta mtaji, kabla ya kutafuta mfadhili, kabla ya kuzunguka mjini na bahasha ya kaki, tafuteni wenzenu wa kazi.

Nianze na mtu ambaye kila aliyesoma muziki hapa anamjua, au anadhani anamjua. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia iliyotoka utumwani. Alifinyanga vyungu, akavibeba kichwani mpaka mjini, akavinadi kwa sauti ambayo watu walianza kuisubiri. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarabu ya siku zile ilikuwa ya kasri na ya mabwana, ikiimbwa zaidi kwa Kiarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1905, na wanachama wake walikuwa wanaume. Mwanamke wa shamba, mfinyanzi, asiye na ukoo wa kujivunia, hakutazamiwa kuingia humo.

Kwa kawaida tunaisimulia habari hii kana kwamba Siti aliingia peke yake. Sivyo ilivyokuwa. Alikuwa na Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban. Hao walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, wakatunga, wakafanya mazoezi, wakabishana juu ya beti. Habari za mtaani zilifika mezani kwao zikageuka nyimbo. Mojawapo ni "Kijiti", inayosimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akakimbia, na wanawake waliosimama kutoa ushahidi wakaishia kufungwa wao. Wimbo wa namna hiyo hauzaliwi na mtu anayejifungia ndani. Unazaliwa pale mmoja anapokuja na habari aliyoisikia sokoni, mwingine akaipatia vina, wa tatu akashika ala, na mwenye sauti akasema, "Hapa mmekosea, huyu mama hakustahili hayo." Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri, na sauti ya Kiswahili ikaanza kusikika nyumbani kwa watu ambao hawakuwahi kufika Unguja. Jina la Siti ndilo lililobaki midomoni, na ni haki yake. Lakini mkiusikiliza muziki wenyewe, mtawasikia wote.

Sasa wachoraji, msidhani nimewasahau. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam. Alianza kuchora yapata mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Picha ziliuzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa, wakimdhania mhalifu. Uchoraji wake wote ulidumu takriban miaka minne. Miaka minne, jamani! Ni muda kama ule ambao baadhi yenu mmekaa hapa chuoni mkihesabu na likizo.

Kwa nini basi leo picha zenye jina lake zinatundikwa Tokyo na Stockholm? Kwa sababu alipokuwa akichora hakukaa peke yake. Aliwaketisha kando yake ndugu na jamaa: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Alipokufa, mikono ile iliendelea. Mpata alikwenda kufanya kazi Nairobi. Waliobaki Dar es Salaam, pamoja na vijana waliowafundisha, walishikamana, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Ukienda Oysterbay leo utawakuta, wanaukoo na wageni, wameinamia mbao zao. Na kitu kimoja kinanipendeza mno: kila mchoraji anaandika jina lake pembeni mwa picha yake. Mtindo ni wa wote, mkono ni wa mtu. Ushirika unaomeza majina ya watu haukai, kwa maana binadamu anataka mama yake aone picha na kusema, "Hii ni ya mwanangu."

Sasa nije kwenye lililo zito zaidi moyoni mwangu, nalo ni namna siku za kazi hii zinavyopita.

Watu wa nje wanaona onyesho. Wanaona taa, mavazi, makofi. Sisi tunajua kwamba onyesho ni saa mbili, na kabla yake kuna majuma ya kubeba spika, kufua mavazi yaliyonuka jasho la jana, kusubiri umeme urudi, kusubiri dereva, kurudia tukio moja hadi maneno yanapoteza maana. Wachoraji mnajua habari ya rangi inayogoma kukauka msimu wa mvua. Ukiuliza kazi inayoridhisha iko wapi, mimi naiona humo, katika siku hizo ambazo hakuna anayepiga makofi. Mwenzako akikuletea chai bila kuombwa, mwingine akikuambia kwamba sentensi yako ya jana ilikuwa mbovu na leo imekaa sawa, siku ile haipotei. Utarudi nyumbani umechoka na mfukoni una nauli tu, lakini kesho utaamka mapema. Sijaona mshahara unaoweza kumwamsha mtu hivyo kwa miaka mingi.

Lakini si kila rafiki ni mwenza wa kazi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Yule anayewachekesha kijiweni mkabaki kushika mbavu, mpendeni, mwalikeni harusini. Kazini tafuteni mtu anayemaliza alichoanza. Tafuteni anayeweza kukuambia mbele ya macho yako kwamba umeimba vibaya, kisha akabaki kukusaidia uimbe vizuri. Tafuteni anayefurahi kweli ukisifiwa wewe. Mtazameni usoni siku hiyo, uso hausemi uongo kwa muda mrefu. Na msikusanyane wa aina moja. Waigizaji wanne hodari wasio na hata mmoja anayependa hesabu watagombana kabla ya mwaka kwisha. Huyo wa hesabu huenda yuko chuo jirani, anasomea uhasibu, na anatamani sana kuwa karibu na jukwaa. Mwiteni.

Nimetaja hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye vikundi vya sanaa urafiki ndio hutangulia kupotea. Katika kikundi kilichonilea, mhazini alikuwa dada mshonaji wa mavazi. Kila mwisho wa juma alituketisha chini akasoma mapato na matumizi kwa sauti, hata kama mapato yenyewe yalikuwa nauli ya watu watatu. Vijana walilalamika kwamba anawachosha. Mimi nawaambia, dada yule ndiye aliyetuweka pamoja kuliko mwongozaji yeyote, kwa sababu hakuna aliyelala akijiuliza mwenzake amekula kiasi gani.

Kwa hiyo andikeni. Wimbo mlioutunga pamoja ni wa nani? Mirabaha ikija inagawanywaje? Anayeondoka anaondoka na nini? Yaandikeni mambo haya sasa, mkiwa mnapendana na fedha hakuna, kwa kuwa fedha ikishaingia kila mtu anakumbuka kivyake. Kazi zenu zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kikundi chenu kitambulike BASATA, baraza la sanaa la taifa. Na mjue haki yenu: sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana hupewa mkopo huo wakiwa kikundi. Kijana mwenye kipaji kikubwa akienda ofisini peke yake atarudishwa akatafute wenzake. Kumbe hata serikali inawaambia kama mimi.

Mtaniuliza: na tukishindwana? Mnaweza kushindwana, na wala si mwisho wa dunia. Mwaka 2005 vijana wa Nairobi waliosoma pamoja Upper Hill, yaani Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, walianza kuimba pamoja, akaungana nao Polycarp Otieno na gitaa lake. Hao ndio Sauti Sol. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka 2008. Mwaka 2019 wakaanzisha Sol Generation ili kuwainua wasanii wengine. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba kama kundi wanapumzika, wakazunguka kuwaaga mashabiki, wakamaliza nyumbani Nairobi mwezi Novemba, na kila mmoja akashika njia yake ya muziki. Walianza marafiki, wakafanya kazi ya takriban miaka 18, wakaagana hadharani bila kuvunjiana heshima. Kuagana hivyo nako kunahitaji maandalizi, na maandalizi yake ni yale maandishi niliyoyasema.

Najua pia kwamba wengine wenu Jumatatu mnaanza kazi ambayo haina uhusiano na mlichosomea. Mmoja atauza duka la mjomba, mwingine atafundisha darasa la nne, mwingine ataendesha bodaboda. Msiinamishe vichwa. Siti aliuza vyungu na Tingatinga alifanya vibarua vya kila namna. Wazee husema mchagua jembe si mkulima, nami sibishani nao: jembe pokeeni lolote mlilopewa. Mnaolima nao, hao wachagueni. Ukiwa dukani mchana, jioni ya Jumatano uwe mahali ambapo wenzako wanakungoja na wanajua utachelewa dakika ngapi. Jioni hiyo moja katika juma ikilindwa, msanii hafi ndani ya muuza duka.

Wazazi, nanyi nina ombi kwenu. Mtoto akirudi nyumbani na wenzake wanne wenye ngoma na makelele, msiwafukuze. Wapeni ua, wapeni banda la nyuma, wapeni jagi la maji. Mmelipa ada kwa miaka. Banda hilo ni ada ya mwisho, na huenda ndiyo yenye faida kuliko zote. Na jirani akiuliza tena huyo atakula nini, mwambieni hali peke yake.

Wahitimu, leo kabla ya kurudisha majoho, kabla ya picha kuisha na magari ya kwenda mikoani kuondoka, kila mmoja wenu awatafute watu wawili au watatu ambao angependa kuwa nao kazini miaka kumi ijayo. Awaambie waziwazi. Pangeni siku ya kwanza ya kukutana, mahali na saa, na mteue atakayeshika daftari. Mkishateuana, njooni hapa mbele mniambie jina la kikundi chenu. Nitabaki mpaka wa mwisho aondoke, na onyesho lenu la kwanza nitalipia kiingilio kama mtazamaji mwingine yeyote.