Kabla ya Plasta

Ngazi za nyumbani kwangu Tabata ziko kumi na nne. Ile ya sita kutoka chini ilikuwa ndiyo darasa la mpwa wangu kwa miezi minane, alipokuwa mwaka wa pili chuoni. Alikuwa akikaa hapo na kompyuta magotini, khanga begani kwa ajili ya mbu, maana akipanda juu zaidi waifai inakata, na chini sebuleni kuna runinga na makelele ya wadogo zake. Usiku mmoja nilitoka kunywa maji nikamkuta amelala palepale, kichwa kimeegemea ukuta, kazi aliyotakiwa kuituma bado haijaenda.

Nilifanya wanachofanya wengi wetu. Nilipiga simu kwa kampuni nikalalamika. Nikapandisha kifurushi kutoka megabiti 20 hadi 50. Nikanunua ruta ya antena sita. Fedha ikatoka, mtoto akabaki kwenye ngazi.

Fundi aliyenisaidia ni kijana wa mtaani kwetu. Alichomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta yake, akapima, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Megabiti 50 zote zilikuwepo. Akasema, "Mzee, intaneti unayo. Ila imekwama sebuleni."

Tangu siku hiyo nimeingia nyumba nyingi za ndugu na marafiki, na kisa ni hichohicho. Tunadai barabara pana mpaka getini, halafu ndani ya uzio hatujaacha hata kichochoro.

Kile kiboksi tunachokiita ruta kimebeba kazi tatu kwa pamoja. Ya kwanza ndiyo uruta wenyewe: ni mlinzi wa geti, anajua nani wa ndani na nani wa nje, na ndiye anayegawa anwani kwa kila simu na kila runinga. Ya pili ni swichi, yale matundu ya waya yaliyopangana nyuma, ambayo kazi yake ni kugawa njia moja iwe nyingi. Ya tatu ni aksesi pointi, inayopokea kilichokuja kwa waya na kukirusha hewani. Kwa kuwa vyote vitatu vimefungwa kwenye boksi moja, tunaamini lazima vikae mahali pamoja. Na mahali penyewe hatukupachagua sisi. Alipachagua fundi wa kampuni, pale waya wa faiba ulipoingilia, mara nyingi kona ya sebule nyuma ya runinga. Sehemu kubwa ya mawimbi inakwenda barabarani.

Sasa angalia nyumba zetu zilivyo. Tofali za saruji, nguzo za zege, na kati ya chini na juu slabu iliyosukwa nondo. Ndugu zetu wa Mji Mkongwe wa Unguja wana kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine unene wake unafika nusu mita. Waifai hutumia zaidi mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 yanajitahidi kupenya ukuta, lakini yana nafasi finyu: chaneli zisizogongana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na kwenye jengo la wapangaji ishirini zote zimeshajaa. Yale ya gigahezi 5 yana nafasi na kasi, ila ukuta wa pili unayamaliza. Maji nayo huyanywa mawimbi, kwa hiyo usiiweke ruta nyuma ya tangi.

Ile ruta yangu ya antena sita ilishindwa kwa sababu ambayo muuzaji hakuniambia. Mtandao ni mazungumzo, na mazungumzo yana pande mbili. Wewe ukiwa ng'ambo ya mto na kipaza sauti, mimi nitakusikia vizuri kabisa, lakini nitakujibu kwa koo langu hilihili, nawe hutanisikia. Simu yako ina antena ndogo na nguvu kidogo. Ndiyo maana mpwa wangu akiwa chumbani aliona vistari vyote vimejaa kwenye kioo, na ukurasa haufunguki. Ukubwa wa ruta hauongezi sauti ya simu. Dawa ni kumsogeza msikilizaji karibu na msemaji.

Utaambiwa ununue kile kidude cha kuchomeka ukutani cha kurefusha mawimbi. Kinasikia, kinarudia, na vile vya bei nafuu hufanya yote mawili kwenye chaneli ileile, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inaishia njiani. Aliyepanga chumba cha mtu asiyeruhusu kutoboa ukuta namwelewa. Mwenye nyumba yake simwelewi.

Mwenye nyumba yake apitishe waya. Kwangu kutoka sebuleni hadi kwenye korido ya juu zilitosha mita 22, na waya wa aina ya Cat6 unabeba gigabiti moja hadi mita 100. Ila ununue kwa macho. Madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unauzwa kwa jina lilelile. Menya ncha, chukua wembe, kwangua. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ikijitokeza rangi ya fedha, rudisha. Aluminiamu hukatika ikikunjwakunjwa, na ukipitisha umeme ndani yake inapata moto. Fundi wangu alikwangua mbele ya mwenye duka, nasi tukatoka tukaenda duka la tatu.

Swichi isikuumize kichwa. Ya matundu matano au manane, isiyo na mipangilio yoyote, inatosha nyumba ya kawaida, ilimradi iwe ya gigabiti. Ikiandikwa 10/100 iache dukani, maana siku utakapolipia megabiti 200 itakupa chini ya 100, nawe utaanza tena kugombana na kampuni.

Ile ruta ya antena sita haikutupwa. Fundi aliizima kazi ya kugawa anwani, kwa sababu geti moja halina walinzi wawili, akaipandisha juu, akaichomekea ule waya ikawa aksesi pointi. Akaipa jina na nywila zilezile za ile ruta ya kampuni iliyobaki chini, simu zikawa zinahama zenyewe. Nywila ya kiwandani akaibadilisha papo hapo. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha kikazitumia kuangusha huduma kubwa za intaneti Marekani. Ruta ya Tabata haina kinga ya pekee.

Kuhusu umeme, hili wengi hawalijui. Faiba nyingi zinazoingia majumbani hazihitaji umeme mtaani. Mwanga unagawanywa na vioo tu, mpaka kwenye mitambo ya kampuni. Kwa hiyo mtaa mzima ukiwa gizani, mara nyingi intaneti ingali inakungoja kwenye waya. Kinachokosekana ni umeme wa viboksi vyako, na betri ndogo ya volti 12 huviendesha kwa saa kadhaa. Soma kwanza lebo ya kifaa, vingine vinataka volti 9 au 5.

Kazi yangu ilifanyika nyumba ikiwa imekwisha. Tulitoboa slabu, vumbi likaingia mpaka kwenye masufuria, na waya unaonekana hadi leo ukipanda kando ya mlango ndani ya bomba jeupe. Mpwa wangu anasomea chumbani kwake, hilo latosha. Lakini kaka yangu anajenga Goba, na kuta zake bado ziko uchi.

Nimekwenda huko Jumamosi na chaki. Nimechora mabomba mawili ya plastiki kutoka pale faiba itakapoingilia hadi katikati ya dari ya chini na katikati ya dari ya juu. Hapo zitakaa aksesi pointi za waifai ya kizazi cha sita, zinazopata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, bila soketi. Bomba la tatu linakwenda kwenye meza ya kusomea ya watoto. Kwa ile nyumba ya uani ya wapangaji nimemkatalia kaka waya wa shaba, kwa sababu radi ikipiga uwanjani itaufuata waya huo mpaka ndani. Huko itakwenda faiba. Kila bomba litaachiwa kamba ndani, ili hata miaka kumi ijayo mtu avute waya mwingine bila kugonga ukuta.

Fundi umeme amesahau mabomba mawili, niligundua jana. Plasta inaanza Jumatatu, na nimemwambia kaka asiruhusu kuchanganywa hata karai moja la mchanga na saruji kabla sijafika.