Vifaa vya Kuzamia kwa Mtoto Anayekua

Mazungumzo kwa wazazi na walezi, Chake Chake, Pemba



Ndugu wazazi na walezi, bahari inayotuzunguka ni bahari ambayo watu hutoka nchi za mbali kuja kuizamia. Matumbawe ya Misali na mlango wa Njao yanajulikana na wapiga mbizi wa mataifa mengi, na wavuvi wa Kojani walikuwa wakizamia kabla ya mtungi wa hewa kuonekana katika mwambao huu. Si ajabu mtoto wa Pemba kutaka kuzama. Jambo jipya ni kwamba sasa vifaa vyenyewe vinapatikana: hoteli huuza vilivyotumika, na jamaa aliyeko Maskati au Dubai hupiga simu kuuliza alete zawadi gani. Nimetakiwa nizungumze juu ya ununuzi huo.

Tunayo desturi njema ya kumnunulia mtoto sare ya skuli iliyomzidi kidogo ili akue nayo. Suruali hukunjwa upindo, na mwaka wa pili upindo hufunguliwa. Desturi hiyo ikomee katika duka la nguo. Kifaa cha kuzamia kilichomzidi mtoto hakimsubiri akue. Huingiza maji, humvuka, au humpanda usoni katika saa ambayo hawezi kusema neno.

Nianze na miwani, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa mwanzo na ndiyo inayokosewa zaidi. Miwani midogo ya kuogelea, ile inayofunika macho tu, haifai kuzamia. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na hewa iliyo ndani ya miwani husinyaa. Mzamiaji hurudisha hewa hiyo kwa kupumulia puani. Ikiwa pua iko nje, hana njia, na miwani huyavuta macho mpaka vijishipa vya damu vipasuke. Basi chagua miwani inayofunika macho na pua pamoja, yenye ukingo wa silikoni laini. Tazama pembeni mwa kioo: kioo kilichoimarishwa kwa moto aghalabu huandikwa TEMPERED, na kikivunjika hakitoi vipande virefu vyenye makali. Miwani ya plastiki iuzwayo pamoja na ndoo na makoleo ya kuchezea mchanga ni ya kuchezea mchanga.

Kuipima ni kazi ya dakika moja. Ondoa nywele kwenye paji la uso, iweke miwani usoni pa mtoto bila kuupitisha mkanda kichwani, na umwambie avute pumzi kidogo kwa pua. Ikiganda bila kushikwa, imemkaa. Ikianguka, irudishe, hata kama muuzaji anasema mkanda utaibana. Mkanda kazi yake ni kuizuia isihame. Hauwezi kuziba pengo lililo shavuni. Kwa hiyo miwani haiwezi kununuliwa kwa niaba ya mtoto aliye mbali, na jamaa wa Maskati aambiwe hivyo kwa upole.

Bomba la kupumulia la mtu mzima ni refu na pana mno kwa mtoto. Hewa chafu aliyoitoa hubakia ndani ya bomba, naye huivuta tena; mapafu yakiwa madogo, sehemu ya hewa safi anayoipata hupungua. Mchukulie bomba fupi na jembamba la watoto. Kuhusu ile miwani mipya inayofunika uso mzima pamoja na mdomo, mimi sishauri apewe mtoto mdogo. Hewa chafu huweza kurundikana ndani yake, na haikutengenezwa kwa kuzamia.

Mapezi ndicho kifaa kimoja kinachovumilia ukuaji. Yapo yanayofunika mguu mzima kama kiatu, na yapo yaliyo wazi kisiginoni yenye mkanda wa kurekebisha. Nunua haya ya pili: akivaa soksi nene za mpira yatamfaa leo, na akikua soksi zitavuliwa.

Suti ya mpira sharti imkae mwilini. Maji huuondoa joto mwilini kwa kasi zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na mtoto mwembamba hupoa upesi hata katika bahari yetu ya joto, hasa nyakati za kusi. Suti pana hupitisha maji mapya kila anapojinyoosha, na hapo ni sawa na kuvaa kanga.

Sasa mtungi. Mtoto wetu aliyezoea kuzama kwa pumzi yake mwenyewe amefunzwa na bahari jambo moja: kuzuia pumzi. Anayepumua hewa ya mtungi hatakiwi kuizuia kamwe. Akipanda huku ameibana, hewa hutanuka ndani ya mapafu na huweza kuyapasua, hata akitoka katika maji yasiyo na kina kikubwa. Hivyo mtoto hodari wa kupiga mbizi ndiye wa kuhofiwa zaidi anapopewa mtungi bila mwalimu, na mtungi haufai kuwa zawadi. Katika utaratibu wa shirika la PADI, mtoto wa miaka 8 huonjeshwa mtungi katika bwawa au maji tulivu, kina kisichozidi mita 2. Cheti huanzia miaka 10, na wa miaka 10 na 11 hawapiti mita 12, tena wakiwa na mzazi au mlezi mwenye cheti, au mwalimu.

Vifaa vya mtungi ni afadhali kukodi, kwa kuwa mtoto atavizidi upesi. Lakini hata vya kukodi vipimwe. Koti la hewa lijazwe akiwa amesimama nchi kavu: likimbana kifua asipumue vizuri, au likampanda hadi masikioni, si lake. Koti hili lisidhaniwe kuwa jaketi la kuokolea maisha. Halikuundwa kumgeuza aliyezimia uso ukaelekea juu. Kidomo cha mpira kiwe kidogo, kwani kikubwa huchosha taya na mtoto hukiachia. Hiki ni cha bei nafuu, na mzazi anaweza kununua chake. Mkanda wa risasi ufunguke kwa mkono mmoja, na aufungue mtoto mwenyewe mbele yako.

Kwa vilivyotumika, tazama tarehe ya kupimwa iliyogongwa begani mwa mtungi, na uulize kifaa cha kupumulia kilifanyiwa matengenezo lini. Kwa kawaida hufanyiwa kila mwaka. Ukingo wa miwani uliogeuka mgumu au wenye nyufa haurithishwi mdogo wake.

Dai stakabadhi yenye jina la kifaa, saizi yake na tarehe, na ukubaliane na muuzaji kabla ya kulipa kwamba saizi isiyofaa itabadilishwa. Akikataa kuandika hayo, nenda duka jingine. Ukishalipa na kifaa kikaonekana kibovu, kilete afisini kwetu pamoja na stakabadhi hiyo, kikiwa hakijatengenezwa wala kufunguliwa.