Kujitolea Bila Glavu

Mwataka kujitolea, maashaAllah. Lakini nani kati yetu ana glavu?

Mwisho wa 2006 mafuriko yalipiga Garissa na Ijara, kisha ikaja Homa ya Bonde la Ufa. Zaidi ya watu 150 walifariki Kenya. Huambukizwa na mbu, na pia damu ya mnyama mgonjwa. Sasa wewe umepeleka unga, mbuzi anakufa mbele yako, wenyeji wakuomba uwahi kumchinja. Utamwambia nini mzee mwenye njaa? Jibu hilo tulifanyie mazoezi hapa, kabla lori halijaondoka. Na ukirudi na homa usinyamaze, nenda hospitali useme ulikotoka. Baada ya tarawehe tubaki kidogo, tuandike majina.