Kitabu cha wale wenye walitufungulia mlango

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba



Kila mwaka, tarehe 27 Januari, mataifa yanakumbuka mauaji ya Wayahudi, sababu siku ile ya mwaka 1945 kambi ya Auschwitz ilifunguliwa. Vijana wetu wametuuliza: hiyo habari ya Ulaya inatuhusu nini, sisi wa pembeni ya ziwa Tanganyika, wenye tulikimbia na kurudi? Ulizo ni zuri. Tulitafuta jibu, na leo tunawaletea habari ya mwanamke mmoja tu.

Anaitwa Antonina Wyrzykowska. Alikuwa mkulima wa Poland, katika kijiji kidogo cha Janczewko, karibu na mji wa Jedwabne. Hakuwa na cheo, hakuwa na chama nyuma yake. Alikuwa na mume, Aleksander, na watoto wadogo wawili.

Mjue kwanza yaliyotokea Jedwabne. Wakati ule jeshi la Hitler lilikuwa limeingia nchi ile. Tarehe 10 Julai 1941, mamia ya Wayahudi wa mji waliuawa, wengi wakafungiwa ndani ya ghala na kuchomwa moto. Wajerumani walikuwa pale, lakini waliotia mkono walikuwa majirani, watu wenye walikuwa wananunua pamoja sokoni na kusalimiana kila asubuhi. Tusijidanganye kwamba hatuelewi jambo kama hilo.

Miezi michache baadaye, Wajerumani walitangaza sheria katika Poland: Myahudi akionekana nje ya mahali alipofungiwa, kifo; mtu mwenye atamficha, naye kifo. Haikuwa maneno ya kutisha tu. Katika kijiji cha Markowa, tarehe 24 Machi 1944, waliua Józef Ulma na mke wake Wiktoria, mwenye alikuwa na mimba, pamoja na watoto wao sita na Wayahudi wanane wenye walikuwa wamejificha kwao. Nyumba nzima ikaisha.

Antonina na mume wake waliijua hatari hiyo. Na bado walificha watu saba. Chini ya banda la mifugo walichimba shimo, watu wakakaa mule. Wajerumani walikuja kutafuta na imbwa. Yeye alikuwa amemwaga mafuta yenye harufu kali ili imbwa wasisikie harufu ya watu. Hiyo haikuwa ya usiku mmoja. Ilianza mwisho wa mwaka 1942, ikaenda mpaka Januari 1945, wakati jeshi la Warusi lilipofika. Zaidi ya miaka miwili! Wamama, ninyi mnajua hesabu ya sufuria. Kupikia watu saba zaidi, na jirani asione kwamba unga unaisha haraka. Kutoa uchafu wao usiku. Kufundisha watoto wako wasiseme neno. Mtoto mmoja akikosea tu, wote mmekufa.

Wale saba wote walitoka wazima.

Sasa sikilizeni vizuri, sababu hapa ndipo habari inatuhusu sisi. Tulifikiri kwamba vita ikiisha, Antonina atasifiwa. Kumbe hapana. Katika mwaka ule ule wa 1945, wanaume wa kwao, Wapoland wenzake, walikuja nyumbani kwake na kumpiga vibaya sana, sababu alificha Wayahudi. Wajerumani wameondoka, na ndipo yeye anapigwa na watu wa lugha yake. Akalazimika kuhama. Mtu mwenye aliwapa wengine makimbilio akakuwa mkimbizi yeye mwenyewe. Na hakuwa peke yake: katika Poland wako wengi wenye waliokoa watu na wakaomba majina yao yasitajwe, kwa kuogopa majirani.

Nani basi alisema? Ni wenye waliokolewa. Mmoja wa wale saba, Szmul Wasersztejn, mwezi wa Aprili 1945 alikwenda kutoa ushuhuda wa mauaji ya Jedwabne, na ushuhuda ule ndio, miaka mingi nyuma yake, ulifanya dunia ijue. Halafu kuna nyumba ya kumbukumbu kule Yerusalemu, Yad Vashem. Tangu mwaka 1963 iko na komisio yenye inachunguza nani alihatarisha uhai wake kuokoa Myahudi, bila kudai malipo. Zaidi ya kila kitu inatafuta ushuhuda wa yule mwenye aliokolewa. Mtu akikubaliwa, anaandikwa kati ya «Wenye Haki kati ya Mataifa». Antonina na mume wake waliandikwa mwaka 1976, miaka 31 nyuma ya vita. Leo majina yamepita 28,000, na ya Poland yenyewe yamepita 7,000.

Tazameni jambo hilo. Taifa lenye lilipoteza watu karibu milioni 6 halikuandika majina ya wauaji na ya wafu peke yake. Liliandika pia majina ya watu wa mataifa mengine wenye walifungua mlango. Kuandika hivyo hakukufuta damu wala hakukusimamisha tribinali. Kulisema tu ukweli mzima.

Na sisi, ndugu?

Sisi pia tuko na vitabu. Kwa komite kuna orodha ya mashamba yenye tulikuta yamelimwa na wengine. Kuna orodha ya nyumba zenye zilivunjwa mabati, ya ngombe, ya mitumbwi, ya watu wetu wenye hatukuwaona tena. Orodha hizo ni za haki na tutaendelea kuzifuata. Lakini tumefungua makaratasi yote, na hatukukuta hata ukurasa mmoja wa watu wenye walituficha.

Walikuwako, tunajua. Wengi wetu, kabla ya kupata mtumbwi wa kutuvusha kwenda Kigoma, tulilala usiku mmoja, siku tatu, juma nzima, kwa nyumba ya mtu mwenye si wa kabila letu. Kuna mama mmoja mbele yetu leo mwenye alizalia katika nyumba ya namna hiyo, na mwenye nyumba akasimama mlangoni akiwaambia wenye silaha: «Humu ni mke wangu tu, anaugua.» Wako wenye walifundishwa haraka kusalimia kwa lugha nyingine ili wapite barierini.

Watu wale, wakati tulikuwa kambini, watu wao waliwaita wasaliti. Wamoja walipoteza mashamba, wengine wakahama. Na wakati tulirudi, siye tulifanya nini? Tuseme kweli, hata kama inatupatisha haya. Tunakutana nao kwa njia ya soko na tunageuza macho. Tunaogopa wenzetu wasiseme: «Huyu naye iko upande wao.» Wao walipigwa kwa kutuficha, sisi tunawapiga mara ya pili kwa kunyamaza.

Kwa hiyo komite inaleta mambo matatu, na tunaomba myajadili leo hii.

Kwanza, tufungue kitabu. Kila mwenye alifichwa aje aeleze: ilikuwa wapi, siku ngapi, chakula gani walimpa. Mwenye hajui kuandika, sekretere atamwandikia.

Pili, jina la mwenye alituficha halitasomwa mbele ya watu wala kutiwa katika gazeti letu bila yeye mwenyewe kukubali. Habari ya Antonina imetufundisha kwamba sifa inaweza kuleta fimbo. Tutakwenda kwake kwanza, watu wawili, bila kelele, na kumuuliza. Akisema «hapana», jina linabaki ndani ya kitabu.

Tatu, familia hizo ziingizwe katika msaada wetu wa kilio na wa ugonjwa, sawa na wanamemba. Hatuwalipi, kitu kama kile hakina bei. Lakini mtu mwenye alitupikia wakati wa hatari asizikwe bila sisi kufika.

Tunajua wako wenye watakataa. Mtu mwenye alipoteza watoto ana haki ya kutuambia moyo wake bado ni mzito, na hakuna mwenye atamlazimisha. Ila tusingoje sana. Wazee wenye walituficha wanaondoka mmoja mmoja, na wao hawatajisifu. Tusiposema sisi, hakuna mwingine wa kusema.

Kitabu kitakuwa kwa sekretere kila jumamosi, nyuma ya likelemba.